Ukienda Makumbusho, Nenda na Nyanya

Vitu vya nyumbani ndivyo vigumu kutazama kuliko vyote makumbushoni. Simba aliyekaushwa anajieleza mwenyewe, na fuvu la kale huwekewa ubao mrefu wa maelezo. Lakini kibuyu, jembe, kigoda na ungo? Baba kutoka Keroka anavipita haraka kwa sababu anadhani anavijua, na mwanawe anavipita haraka zaidi kwa sababu hajui aanzie wapi. Wote wawili wanaishia kwa nyoka.

Dawa ya jambo hili ni kuchagua vizuri mtu wa kwenda naye. Ukitoka Kisii au Nyamira kwenda kutazama vyombo vya maisha ya zamani, mtafute mzee ambaye mikono yake ilivitumia: nyanya, shangazi, au jirani wa umri huo. Kibandiko cha makumbusho kina nafasi ya mistari miwili au mitatu. Kitakupa jina, kabila na pengine mwaka. Namna chombo kilivyoshikwa, kilivyouumiza mgongo, kilivyozua ugomvi kati ya wake wenza, hayo utayapata kwa nyanya.

Kwanza, mahali pa kwenda. Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka makumbusho katika orodha ya kazi za kaunti, kwa hiyo anza na ofisi ya utamaduni ya kaunti yako. Uliza nini kinaonyeshwa msimu huu, wapi, na nani ana ufunguo. Swali la ufunguo si mzaha. Vyumba vingi vya maonyesho ya kaunti na shule hufunguliwa kwa miadi tu. Ukitaka jumba la Serikali linalofikika kwa urahisi, panda matatu Kisii, upite Oyugis na Ahero, hadi Makumbusho ya Kisumu. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1980 na ukumbi wake mkuu unaonyesha vyombo na mavazi ya watu wa Nyanza na magharibi ya Bonde la Ufa. Nairobi nako kuna jumba la Museum Hill, lililofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon, tena lina ukumbi unaofuata hatua za maisha ya mwanadamu. Ila kwa mtu wa miaka sabini na zaidi mimi ningechagua Kisumu, kwa sababu mtakwenda na kurudi kabla giza halijaingia, na nyanya aliyechoka hasimulii kitu.

Siku nayo ina hesabu yake. Kwa familia za Kiadventista, ambazo ni nyingi huku Gusii, Jumamosi haipo. Siku za wiki wakati shule zimefunguliwa mtakutana na mabasi ya wanafunzi, na kelele zao hazimwachi mzee asikie swali. Jumapili asubuhi huwafaa Waadventista, lakini Wakatoliki watakuambia ni saa ya Misa. Siku ya wiki wakati wa likizo, mapema mlango unapofunguliwa, huwafaa wote. Malipo ya makumbusho ya Serikali siku hizi hupitia eCitizen, basi hakikisha simu ina chaji na pesa kabla ya kufika langoni, na kila mtu mzima abebe kitambulisho, maana raia na mgeni hawalipi sawa.

Sasa, kumshawishi nyanya. Ukimwambia mnakwenda kuona vitu vya kale, atakuambia mwenyewe ni kitu cha kale na yuko hapa, mtazame bure. Mwambie ukweli ulio muhimu zaidi: kuna watu wameweka vyombo vya Abagusii katika kabati za kioo na unataka mtu wa kuthibitisha kama wamevipanga sawasawa. Hakuna omongina, mama mzee, atakayekataa kwenda kusahihisha.

Kabla ya safari, pitieni nyumbani kwake. Ingieni jikoni na ghalani mtafute vitu vitatu vya zamani ambavyo bado vipo: labda jiwe la kusagia lililogeuzwa kizuizi cha mlango, kibuyu cha maziwa ya mgando, amabere amaruranu, kinachoning'inia karibu na moshi, kigoda kilichopoteza mguu. Vitatu vinatosha. Vipigeni picha kwa simu, pande zote, hasa palipochakaa. Mkifika kwenye kabati la kioo mtakuwa na cha kulinganisha, na mazungumzo yataanza bila kulazimishwa: cha kwetu kina mpini mrefu, hiki kimekatwa, cha kwetu kilishonwa ufa, hiki hakikutumika hata siku moja.

Nani aulize maswali? Hapa mila yenyewe inakusaidia. Kwa Abagusii kuna chinsoni, adabu ya haya kati ya wazazi na watoto wao, na kali zaidi kati ya wakwe. Kati ya babu au nyanya na wajukuu, utani unaruhusiwa na mambo mengi husemwa wazi. Kwa hiyo mpe mjukuu kazi ya kuuliza. Swali la ndoa ambalo kijana wa miaka kumi na sita anamuuliza magokoro, nyanya yake, kwa kucheka, baba yake hawezi kuligusa. Na usimpange baba mkwe na mke wa mwanawe katika kundi moja ukitarajia wazungumze juu ya chumba cha kulala. Mtatembea kimya hadi mlango wa kutokea.

Watoto wadogo wape nyoka kwanza. Kisumu wana nyumba ya nyoka, samaki na kobe, na mtoto anayejua nyoka wanamsubiri hatasikiliza habari ya chungu. Baada ya hapo mketishe nyanya kidogo, anywe chai, ndipo muingie ukumbini.

Ndani, msizunguke kabati zote. Chagueni vitu vichache na mkae navyo. Na hili ndilo la kushika zaidi: msiulize tu jina. Jina limeandikwa. Uliza kilitengenezwa na nani, mwanamume au mwanamke, na malighafi ilitoka wapi. Uliza kilikaa upande gani wa nyumba. Nani hakuruhusiwa kukigusa? Kikivunjika kilishonwa au kilitupwa? Kilibadilishwa na nini sokoni? Kilikoma lini kutumika, na nini kilichukua nafasi yake?

Tazama swali hilo la mwisho linavyofanya kazi mbele ya jiwe la kusagia. Kwa macho ni jiwe tu, lenye bonde katikati, na jingine dogo juu yake. Lakini bonde hilo ni kazi ya magoti na mabega ya wanawake wa vizazi vingi. Wimbi, obori, ndiyo iliyokuwa nafaka ya Gusii kabla mahindi hayajatawala wakati wa ukoloni, na ugali wa wimbi, obokima, haukuwezekana bila jiwe. Mwambie nyanya aonyeshe kwa mikono, bila kugusa kitu: alipiga magoti vipi, unga uliangukia wapi, mtoto alifungwa mgongoni au alilazwa kando. Muulize jiwe likiwa laini lilifanywaje. Jiwe laini halisagi. Ilibidi ligongwegongwe upya kwa jiwe gumu ili uso wake uume tena, na katika nyumba nyingi kuna mtu mmoja aliyesifika kwa kazi hiyo. Kisha muulize juu ya siku mashine ya posho ilipofika kijijini. Hapo utapata habari za nani alikuwa nayo, foleni, wasichana waliopata saa zao, na mama mkwe aliyeapa kwamba unga wa mashine hauna ladha. Saa nzima inaweza kuishia kwenye jiwe hilo moja. Iache iishe.

Karibu nalo tafuta ekee, kikapu kilichosukwa cha kuwekea obokima. Swali lake ni la mezani: nani alikula na nani? Wanaume walikula wapi na watoto wapi, na nani alimega kwanza? Mboga za saga na managu zilipikwa kwenye chungu gani, na kwa nini saga ililazwa usiku ndipo uchungu upungue? Na chungu chenyewe kilifinyangwa upande gani? Abagusii na Wajaluo walikutana katika masoko ya mpakani wakibadilishana nafaka, mifugo na vyombo, kwa hiyo usishangae nyanya akikuambia kwamba chungu cha mama yake kilitoka kwa Wajaluo. Kabati za makumbusho hupenda kumfungia kila mtu katika kabila lake, ila jikoni mambo hayakuwa hivyo.

Ukiona pete za chuma za vifundo vya miguu, simameni. Hizo ni ebitinge. Kibandiko kikiandika "pambo la mguu" hakijakosea, lakini kimeacha habari nzima nje. Zilivaliwa na mwanamke aliyeolewa kwa taratibu kamili, zikifungwa wakati wa enyangi, sherehe iliyotimiza ndoa. Muulize nyanya kama mama yake alikuwa nazo, zilitoa sauti gani akitembea, zilimuumiza au alizizoea, na ziliondolewa lini na nani. Kisha nyamaza. Jibu lake laweza kuwa refu, laweza pia kuwa neno moja.

Kunyamaza kwake kunaweza kuwa na sababu ya dini. Misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu na ile ya Waadventista ya Nyanchwa zilianza mapema katika miaka ya 1910, na wazee wengi walilelewa wakiambiwa kwamba pombe ya amarwa, mirija mirefu ya kuinywea, hirizi na dawa za miti ni mambo ya giza. Ukimuuliza mzee wa kanisa "wewe ulikunywa vipi?" umemfungia mlango. Uliza juu ya watu waliomtangulia: wazee wa wakati wa babu yako walikaaje kuzunguka chungu? Ataeleza kila kitu, pamoja na mpangilio wa viti, bila kujiweka humo.

Kuna vitu vizito zaidi. Gusii inajulikana duniani kwa ababari, wataalamu waliopasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu ili kutibu maumivu yaliyofuata pigo la kichwa; madaktari wa kigeni waliandika juu yao kwa mshangao katikati ya karne ya 20, maana wagonjwa wengi walipona. Visu vyao ni vidogo, na ukiviona kwenye kabati utadhani ni vya kunyolea. Wape watoto habari hiyo kama habari ya ujuzi uliorithishwa na kufunzwa kwa muda mrefu, wala si sinema ya kutisha. Na usimfanye nyanya ataje ni familia gani kijijini ilikuwa na kazi hiyo mbele ya watu asiowajua.

Obokano ni shida ya namna nyingine. Zeze hilo kubwa la nyuzi nane, lenye mngurumo mzito unaosikika tumboni kabla ya masikioni, likiwa kwenye kioo ni kama jeneza. Sikilizeni rekodi zake nyumbani siku mbili tatu kabla, redioni au kwenye simu, ili mkilifikia macho yatafute sauti inatoka wapi: bakuli la mti, ngozi ya ng'ombe iliyovutwa juu yake, nyuzi ambazo zamani zilitokana na mnyama na siku hizi mara nyingi ni nailoni. Ukimpata mpigaji katika sherehe za nyumbani, hiyo ni bora kuliko majumba yote ya makumbusho. Mtunze pesa kabla hajaanza, usingoje amalize.

Nje ya ukumbi wa Kisumu kuna Ber-gi-dala, boma kamili la Kijaluo: nyumba za wake watatu, ya mwana wa kwanza, ghala na zizi. Mtu wa Kisii anaweza kudhani halimhusu. Mimi naona ndipo anapofaidi zaidi, kwa sababu kulinganisha hufungua mdomo. Simameni langoni mmuulize nyanya: kwetu boma, omochie, lilipangwaje? Nyumba ya mke mkubwa ilitazama wapi? Esaiga, nyumba ya vijana, ilikuwa umbali gani, na ghala, ekiage? Ndani ya nyumba, enyomba, chumba cha eero cha mwanamume na wageni wake kilikuwa upande gani, na jiko upande gani? Mjukuu achukue kijiti achore ramani mchangani, au kwenye daftari, huku nyanya akimsahihisha. Muulize pia juu ya ebisarate, kambi za ng'ombe ambako vijana waliishi na mifugo wakiilinda hadi Waingereza walipozivunja mwanzoni mwa miaka ya 1910. Yeye hakuziona, lakini baba yake au babu yake huenda alilala huko. Na mzee akibaki mlangoni bila kuingia katika nyumba fulani ya maonyesho, msimvute. Nyumba ya mkwe ni nyumba ya mkwe, hata ikiwa ya kuigiza.

Soma vibandiko kwa jicho la kushuku kidogo. Vitu vilivyokusanywa wakati wa ukoloni viliandikwa kwa majina ya wakusanyaji. "Kavirondo" lilitumiwa kwa watu wengi wa kandokando ya ziwa, na Abagusii wameandikwa Kisii, Gusii na hata Kosova. Ukitafuta katika tovuti za makumbusho ya nje, jaribu majina hayo yote. Mradi wa International Inventories Programme, uliounganisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, majumba ya Cologne na Frankfurt na vikundi vya wasanii, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za nje ya nchi. Wazee wa Kitutu, ambao bado husimulia kwamba kichwa cha Otenyo, aliyemchoma mkuki ofisa wa kikoloni Northcote mwaka 1908, kilipelekwa Uingereza, hawakuhitaji mradi kuwaambia kwamba kuna vilivyovuka bahari. Mjukuu mwenye simu anaweza kutafuta jioni moja na kumwonyesha nyanya picha. Huenda akatambua kitu ambacho mhifadhi wa Ulaya amekiandikia alama ya kuuliza.

Siku nyingine, nendeni Tabaka, Mugirango Kusini. Huko mnaona chombo kabla hakijawa chombo: machimbo ya mawe ya sabuni, wanaume wakichonga kwa panga na visu, wanawake wakisugua kwa msasa na maji hadi uso ung'ae. Kabla ya viboko na sahani za watalii, jiwe hili lilitumika kwa vyombo na unga wake kwa kujipaka mwilini katika sherehe. Ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege imesimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris, basi usiwaambie watoto kwamba ni kazi ya kuuza barabarani tu. Funikeni pua, vumbi ni kali kwa mtoto mwenye pumu. Anayekuonyesha kazi yake kwa saa nzima amepoteza saa ya kuchonga, kwa hiyo nunua au lipa. Kabla ya kununua, mwagia kitu maji kidogo, nyufa zitajionyesha zenyewe. Rangi za asili za jiwe mara nyingi ni nyeupe, kijivu, waridi na manjano iliyofifia; rangi kali kwa kawaida zimepakwa.

Manga, upande wa Nyamira, panataka adabu tofauti. Miamba yake na shimo la Ngoro ya Mwaga ni mahali panapoheshimiwa, kwa hiyo nenda na mwenyeji, salimia watu wa karibu kwa "bwakire" kabla ya kupanda, na usiokote kitu.

Turudi kwa nyanya. Rekodi maneno yake kwa simu, baada ya kumwomba ruhusa na kumwambia nani atayasikia. Mwache aongee Ekegusii, usimlazimishe Kiswahili ili mgeni aelewe; tafsiri itafanywa baadaye. Mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, mahali, jina lake na kitu anachokizungumzia, kwa sababu baada ya miaka mitano sauti isiyo na maelezo haina thamani kubwa kuliko chungu kisicho na kibandiko. Hifadhi nakala mahali pawili. Kabla ya kupiga picha ndani ya jumba, uliza, na uzime mwanga wa kamera.

Mkirudi nyumbani, vile vitu vitatu vya ghalani vitaonekana tofauti, na pengine habari zitamfikia dalali. Madalali wa vitu vya kale hupita vijijini wakitoa bei ya kilo moja ya nyama kwa kigoda cha karne. Usiuze siku hiyo hiyo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakitambua kitu kilichotengenezwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Mkiamua kukipeleka makumbushoni, msikiache mapokezini kwa ahadi ya mdomo. Dai hati inayosema kama ni zawadi au mkopo, ikitaja aliyekitengeneza, kijiji, kilivyotumika, na jina la nyanya kama mtoa maelezo. Hati iwe na sahihi na muhuri, nakala moja ibaki kwenu.